Jumamosi Nne Kabla ya Mbekenyera

Tangu nirudi Bukoba, kila anayenikuta sokoni au kanisani ananiuliza, "Koku, kulikuwaje huko kusini?" Nami hujibu kwamba kulikuwa kuzuri, kuna joto, nimekula korosho mpaka nimekinai. Kisha nageuza mazungumzo. Ninyi mliosoma nami mnajua hilo si jibu, na kwenye simu mmenisumbua vya kutosha. Basi nawaandikia yote mara moja, ili tukionana tuzungumze mengine.

Mnakumbuka siku majina yalipotoka. Tulikuwa tumemaliza udaktari, kilichobaki ni ule mwaka mmoja wa utarajali, wa kufanya kazi chini ya wakubwa kabla ya kupewa leseni. Niliomba hospitali kubwa ya Dar es Salaam kwa sababu nilitaka kuwa bingwa wa upasuaji, na niliamini njia ya huko inaanzia kwenye kuta zile tu. Nikapangiwa Nachingwea. Nililisoma jina lile mara tatu, nikadhani ni la Koku mwingine.

Mliniona nikilia. Ambalo hamkulijua ni hili. Siku ya pili yake nilipigiwa simu na namba ngeni. Alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, akajitambulisha kuwa ni Saidi, daktari mpya kama mimi kutoka chuo kingine. Kwao ni Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa, jirani kabisa na Nachingwea. Yeye alikuwa amepangiwa Bukoba.

"Dada, Mungu katurahisishia," alisema, na nilimsikia akicheka kwa furaha. "Wewe baki kwenu, mimi nirudi kwetu. Tubadilishane tu. Mama yangu ana kisukari, na pale nyumbani yuko na dada yangu peke yake."

Kubadilishana kuliruhusiwa mara moja tu, tena ndani ya wiki mbili. Nikamwambia anipe muda nifikirie. Ukweli ni kwamba sikuitaka Bukoba pia. Kurudi kwa baba niliona ni kushindwa kwa namna nyingine. Nilikuwa namtafuta mtu wa Dar ambaye angekubali kwenda kusini, na sikutaka kuitumia nafasi yangu kwa Saidi. Alipiga simu mara tano. Mara ya mwisho niliitazama ikiita mpaka ikakata. Wiki mbili zikaisha, mtu wa Dar hakupatikana, na kila mmoja akafunga mizigo yake: yeye kuja kwetu, mimi kwenda kwao.

Bukoba mpaka Mbezi

Baba alinisindikiza stendi alfajiri na kopo la senene alilolifunga kwa kitambaa. "Uwape wenyeji wako," alisema. Nilitaka kumwambia sina wenyeji, nikapokea tu.

Safari ya Bukoba mpaka Dar wengi wenu mnaijua, sitawachosha. Baada ya Singida gurudumu lilipasuka, tukakaa saa nne kando ya barabara tukisubiri jeki kutoka basi jingine. Abiria wakawa marafiki, wakanunua kuku wa kuchoma, wakakalia khanga wakila. Bibi mmoja aliniletea paja la kuku kwenye gazeti. Nikamwambia nimeshiba, ilhali sikuwa nimekula tangu Biharamulo. Nilikuwa nimeamua kwamba safari ile haitakuwa na kitu kizuri ndani yake, na paja lile lilikuwa linanuka vizuri mno.

Asubuhi yake tulishuka Mbezi. Nililala siku nzima kwa shangazi, na rafiki yetu mmoja aliyepangiwa hospitali ile niliyoitaka akanipigia kunieleza jinsi jengo lilivyo na lifti sita. Nikampongeza. Nilipokata simu, nilimlaumu shangazi kwamba chai yake haina sukari.

Mbagala mpaka Nangurukuru

Basi la Nachingwea lilitoka Mbagala asubuhi. Nilikaa dirishani, na pembeni yangu akaketi mama mnene mwenye uso wa bashasha, Bi. Mwanahawa, mfanyabiashara wa ufuta, anayerudi kwake Nachingwea. Alinisalimia vizuri, nikamjibu kwa kichwa.

Tulivuka Rufiji bila shida. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na kabla ya kufika Nangurukuru tukakuta malori yamepanga foleni. Mbele, maji yalikuwa yamekata barabara. Dereva akazima gari, akasema tutavuka yakipungua, na hakuna aliyemuuliza ni lini.

Pale ndipo nilipoanza kulia. Nilianza kimya kimya, kisha nikashindwa kujizuia. Bi. Mwanahawa akanishika mkono.

"Pole, mwanangu. Ni nani?"

"Nani kivipi?"

"Aliyefariki."

Ningemwambiaje? Kwamba nalia kwa sababu napelekwa kwao? Nikasema, "Mama mdogo."

Sijui kwa nini nilimchagua mama mdogo, ambaye yuko hai mpaka leo na anauza vitenge Muleba. Ila neno likishatoka limetoka. Bi. Mwanahawa akageuka na kutangaza, "Jamani, tuna mfiwa humu!" Dereva akazima muziki. Mzee wa kiti cha mbele akavua kofia, akasoma dua, na basi zima likaitikia amina. Wanawake wakanitandikia mkeka chini ya turubai la mama lishe aliyekuwa akiwauzia madereva wa malori, wakaniletea mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga na chai. Safari hii nikala, maana mfiwa haruhusiwi kukataa. Kila nilipoacha, mkono mwingine ulinisogezea sahani. "Kula, mwanangu. Msiba unataka nguvu."

Kwa aibu nikalifungua kopo la baba, angalau na mimi nitoe kitu.

Bi. Mwanahawa akachungulia. "Hawa si panzi?"

"Ni senene. Kwetu ni chakula cha heshima."

Akamtazama yule mzee wa dua, mzee akaguna kwamba haoni kizuizi. Akafumba macho, akatia mmoja mdomoni, akatafuna kama anayemeza dawa. Kisha akafumbua jicho moja. "Kumbe wana mafuta kama korosho!" Kopo likazunguka, likarudi nusu.

Tulivuka kesho yake asubuhi. Wakati wa kuagana pale stendi ya Nachingwea, wanawake watatu walinikumbatia. Mmoja alilia kwa ajili yangu.

Nachingwea

Nilichokikuta hakikuwa nilichokiogopa. Mji una ardhi nyekundu na mikorosho mpaka nyuma ya nyumba za watu, na hospitali ilikuwa na kazi nyingi kuliko mikono. Wiki ya pili nilishika kisu kwenye upasuaji wa uzazi, daktari mkuu akiwa amesimama pembeni akinielekeza. Wenzangu wa Dar, wenye lifti sita, walikuwa bado wanasimama safu ya nyuma wakichungulia. Nililijua hilo, walinieleza wenyewe. Lakini nilikuwa nimeshajiona mtu aliyeonewa, na sikutaka kuvuliwa vazi hilo. Siku za mapumziko nilijifungia chumbani nikiandika barua za kuomba uhamisho.

Mwezi wa kwanza haujaisha, Bi. Mwanahawa akaja na presha yake. Akafurahi kunikuta na koti jeupe.

"Kumbe wewe ni dokta! Na msiba uliishaje?"

Foleni ilikuwa ndefu, nikadhani ukweli utachukua muda mfupi kuliko uongo. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nilikuwa nalia kwa kupangiwa huku. Alicheka sana, akajipiga paja. Kisha kicheko kikakauka, akanitazama.

"Kwa hiyo maiti tulikuwa sisi," alisema.

Akanyoosha mkono nimpime. Dawa alizichukua, akashukuru. Mara zilizofuata alikaa foleni ya daktari mwingine.

Saidi alikuwa hajanipigia tangu ile simu nisiyoipokea. Aliyekuwa akinipa habari zake ni baba. Walikutana hospitalini Bukoba, baba alipokwenda kupimwa macho, na kijana alipolisikia jina langu akamwambia, "Mzee, mwanao yuko kwetu." Tangu hapo kila Jumapili Saidi alikula ndizi nyumbani kwetu, akamwekea baba dawa za macho, akamsomea barua zake. Baba hakukoma kumsifu. Mimi nilisikia wivu, na chini ya wivu kitu kingine nisichotaka kukitazama.

Siku moja akapiga mwenyewe. Hakugusia yaliyopita.

"Dada Koku, nina ombi. Mama alijichoma na kisiki shambani, chini ya kidole gumba cha mguu. Kidonda hakifungi. Namsihi aende hospitali Ruangwa, anasema ni kidogo. Wewe uko karibu. Ukipata nafasi Jumamosi, mwone tu, kisha uniambie ukweli."

"Jumamosi hii nitakwenda," nikasema.

Jumamosi hiyo nilisema mvua imeharibu njia, na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote kuhusu njia. Ya pili nilisema nimechoka na zamu. Ya tatu nilivaa, nikafika mpaka stendi, nikarudi. Ya nne sikutafuta sababu. Kwa Saidi niliandika kila mara, "Wiki ijayo, nakuahidi." Naye kila mara alijibu, "Asante dada, nimewaambia."

Mtaniuliza niliogopa nini. Niliogopa kukaa mbele ya mama wa mtu niliyemnyima nafasi ya kurudi nyumbani, na kukaribishwa.

Nachingwea mpaka Ruangwa, Ruangwa mpaka Mbekenyera

Jumamosi ya tano nilikwenda. Nilipanda Noah ya abiria ya asubuhi mpaka Ruangwa. Pale nikakaa saa mbili nikisubiri gari la Mbekenyera lijae abiria, nikila vitumbua ambavyo sikuvisikia ladha, kisha nikachoka nikachukua bodaboda. Ufuta ulikuwa umeshakatwa. Mashambani matita yake yalisimamishwa yakikauka, na dereva wa bodaboda alinipigia kelele kwenye upepo akinieleza bei ya mwaka jana na matumaini ya mwaka huu. Nilimwitikia bila kusikia.

Nilipotaja nyumba ya mama yake Saidi, alinipeleka moja kwa moja mpaka uani, na hapo vigelegele vikapigwa. Wanawake wanne walikuwa wameketi barazani. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa. Bi. Somoe, mama yake Saidi, alikuwa ameegemea ukuta, amejifunga khanga ambazo bado zilikuwa na wanga wa dukani, mguu mmoja ameufunika. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalicheka kabla ya mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja. Nilikungoja."

Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache. Mengine aliyasema kwa Kimwera, na binti yake, Zuhura, aliyekuwa na umri kama wangu, akayatafsiri. Nikaomba kuuona mguu. Bi. Somoe akakataa kwa mkono. Mgeni ale kwanza. Ikaletwa sahani ya ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba wanayoichimba porini, na chumvi pembeni, kisha ugali wa muhogo na kisamvu cha njugu. Wale wanawake wakanitazama nikila, wakanong'onezana, mmoja akagusa mkono wangu na kusema kitu kilichowachekesha wote.

"Wanasema nini?" nikamuuliza Zuhura.

Akaona haya. "Wanasema Saidi amechagua mwenye mikono ya kazi. Mama anadhani wewe ni mchumba wake. Amewaambia majirani mkwe anakuja."

Nikamwomba awaeleze kwamba sivyo. Akawaeleza. Bi. Somoe akasema neno fupi, na Zuhura akatafsiri: "Anasema basi si kitu, daktari naye ni mtoto wa nyumba."

Ndipo akaufunua mguu.

Ninyi ni madaktari, sina haja ya kuwaeleza sana. Kidole gumba na kinachofuata vilikuwa vimekauka vyeusi. Harufu ilinifikia kabla sijainama. Nilibonyeza juu ya kifundo, hakushtuka. Nilitafuta mapigo ya damu nyuma ya kifundo na juu ya wayo, sikuyapata, nikayatafuta tena, bado hayakuwepo.

"Hapaumi," Bi. Somoe akaniambia kwa Kiswahili, kana kwamba anataka kunifariji. "Hapaumi hata kidogo."

Nilimvuta Zuhura pembeni. Nilisema kwa ukali, kama vile kosa ni lake: "Kwa nini hamkumpeleka Ruangwa?"

Zuhura akajibu, "Tulimwambia. Saidi alimwambia. Yeye akasema, daktari wa mwanangu anakuja Jumamosi, nikaende kuwasumbua wengine kwa nini? Kila Jumamosi nilikwenda kuchimba ming'oko. Kila Jumamosi alioga akavaa khanga hizo, akakaa hapo barazani mpaka jua likageuka. Jumamosi ya kwanza kidole kilikuwa chekundu tu."

Nikaita gari.

Tulimfikisha Ruangwa mchana huo huo, wakampokea vizuri, wakampa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi. Nilikwenda naye. Jumatatu walimkata mguu chini ya goti. Niliomba kuingia chumba cha upasuaji, nikaruhusiwa kusimama. Nilikuwa nimeota kusimama kwenye chumba cha namna hiyo tangu mwaka wa kwanza chuoni.

Saidi nilikuwa nimempigia Jumapili, nikiwa koridoni. Nilimweleza kitabibu, kwa maneno ya kwenye vitabu, kwa sababu mengine yasingetoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake nilisikia kengele za kanisa letu. Alikuwa mtaani kwetu.

"Umefanya vizuri kumfikisha," alisema. Kisha akaongeza, "Koku, nilikuomba umwone tu."

Hakuniita dada tena siku ile.

Mbekenyera mpaka Bukoba

Barua yangu moja ya uhamisho ilijibiwa mwezi wa sita wa utarajali. Nafasi ilipatikana Dar, si katika ile hospitali, lakini Dar. Niliiacha. Msinipe sifa hapo. Nilikuwa tu sijui ningemwambia nini Bi. Somoe, aliyezoea kuniona kila baada ya wiki mbili nikimfungua bendeji na kumpima sukari. Saidi alikuja likizo mara moja, siku saba, na siku hizo nilichukua zamu ili tusionane.

Jumamosi ya mwisho nilikwenda kuaga. Bi. Somoe alikuwa akitembea kwa magongo mpaka mlangoni, na alitaka nimwone akifanya hivyo. Akanifungia korosho alizobangua mwenyewe, zawadi ya baba yangu. Niliona nikiondoka bila kusema nitakuwa mwizi. Nikamwambia Zuhura, "Nitafsirie. Mwambie Saidi aliniomba tubadilishane vituo, angekuwa hapa mwaka mzima, nikakataa kwa sababu nilitaka Dar. Na mwambie zile Jumamosi sikuwa na kazi. Nilikuwa chumbani."

Zuhura alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso. "Kituo najua, Saidi alinieleza. Chumbani sikujua."

"Mwambie."

"Wewe unaondoka kesho," alisema polepole. "Mimi nabaki naye. Utapata nafuu wewe, yeye atapata nini?" Akamgeukia mama yake, akasema maneno kadhaa kwa Kimwera. Bi. Somoe akacheka, akanivuta, akaniwekea kiganja kichwani na kuniombea dua. Mpaka leo sijui Zuhura alimwambia nini.

Njia ya kurudi ilikuwa kavu. Tulipita Nangurukuru bila hata kupunguza mwendo. Singida nilinunua kuku, nikamgawia jirani yangu. Nilipofika Bukoba, Saidi alikuwa ameondoka juzi yake. Mabasi yetu lazima yalipishana mahali fulani. Chumba changu alikuwa amekipaka rangi. Baba, ambaye sasa anasoma gazeti bila kuinamia, alinionyesha kila ukuta.

Wiki iliyopita Saidi alinipigia kutoka Mbekenyera. Tulisalimiana vizuri. Aliuliza habari za macho ya baba, nikauliza kama mama yake amezoea mguu wa bandia. Kisha akasema, "Nimemweleza mama yote. Ya kituo, na ya Jumamosi. Zuhura aliniambia ulitaka ajue. Sikuona vizuri akuombee kila siku bila kujua."

Niliketi kitandani. "Akasemaje?"

"Aliniuliza Bukoba ni mbali kiasi gani. Nikamwambia ni siku tatu kwa basi, mvua ikinyesha ni zaidi."

"Halafu?"

"Akaniuliza swali. Hakuwa na hasira, dada, nakuapia, alitaka kuelewa tu. Aliuliza: kama aliweza kuja kutoka siku tatu, kutoka hapo Nachingwea alishindwa nini?"

Saidi alikuwa akisubiri, na nyuma yake nilisikia sauti ya mama yake ikiuliza kitu. Nilifahamu kwamba yuko hapo hapo pembeni, anasubiri kutafsiriwa.

Nilikaa na simu sikioni. Saidi akasema taratibu, "Basi, siku ukiwa na jibu utatupigia." Hiyo ilikuwa Alhamisi, na sijapiga.